Tunguu la Ua na Msimu wa Mvua

Mtu aliyeazimia kuingia katika kazi ya bustani kwa mara ya kwanza, naye hana tajriba wala zana nyingi, hatapata mwalimu mpole kuliko tunguu la ua, kwa sababu ndani ya magamba yake limekwisha kuhifadhi akiba ya chakula na maji kabla halijagusa udongo wa mpanzi. Lakini si kila tunguu huafiki kila nchi: tulipu, ambayo mtaalamu Carolus Clusius aliipanda mjini Leiden, Uholanzi, katika mwaka 1593, huhitaji majuma 12 au zaidi ya baridi ndipo ichanue vyema, na baridi hiyo pwani yetu haina. Nashauri basi tuanze na lile ua jekundu la mviringo, ambalo wataalamu huliita Scadoxus multiflorus, mzaliwa halisi wa Afrika, lingojalo mvua.

Lizikwe mwishoni mwa kiangazi, shingo yake ikilingana na uso wa ardhi, katika udongo uliochanganywa mchanga na samadi iliyooza barabara, mahali penye kivuli chepesi. Maji yakituama tunguu huoza, na hiyo ndiyo afa yake kubwa. Majani yaanzapo kugeuka manjano yasikatwe, maana wakati huo ndipo yanaporudisha chakula chini kwa ajili ya mwaka ujao. Yakishakauka, maji yasitishwe. Tena tunguu hili lina sumu, kwa hiyo watoto na mbuzi wasilikaribie, na mikono ioshwe baada ya kazi.