Kumfundisha Mtoto wa Mbwa Usafi wa Nyumba

Nyumba nyingi za zamani za Kariakoo, mjini Dar es Salaam, zilijengwa kwa namna moja. Mbele iko baraza. Ukipita mlango waingia katika ukumbi mrefu mwembamba, wenye vyumba vitatu huku na vitatu huku. Na mwisho wa ukumbi pana mlango wa uani, penye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Siku hizi nyingi zimebomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake, lakini zilizobaki bado zapangishwa chumba kwa chumba, hata jamaa tano au sita hutumia ukumbi mmoja na ua mmoja. Mtu akileta mtoto wa mbwa katika nyumba ya namna hiyo, ili akikua alinde mlango usiku, hamleti chumbani mwake tu. Awaletea na jirani zake wote.

Na jirani hao aghalabu ni Waislamu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa na mkojo wake ni najisi nzito: kitu kilichopatwa nayo huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mtu akisha kutawadha uani hupita ukumbini kwa miguu yenye maji, arudi chumbani kusali. Akikanyaga mkojo wa mbwa, hapana budi arudi akajisafishe upya, na huku wakati wa sala wampita. Likitokea hilo mara mbili tatu, mbwa hatakaa katika nyumba ile. Na mtoto wa mbwa aliyetupwa njiani, kati ya magari na mikokoteni ya sokoni, hana maisha marefu.

Watu wengi hudhani kwamba mbwa anayejisaidia ukumbini ni mkaidi. Sivyo. Katika majuma ya kwanza mama yake humlamba na kuula uchafu wake, ili malalo yao yakae safi. Apatapo majuma matatu au manne, akiweza kutembea, huanza kutoka malaloni mwenyewe na kujisaidia kando. Basi tabia ya kutochafua mahali pa kulala anayo tangu uchanga. Asilolijua ni kwamba ukumbi nao ni nyumba. Yeye huona kuwa ukumbini ni mbali na tandiko lake, kwa hiyo panafaa. Tena kibofu chake ni kidogo. Wafugaji huhesabu kwamba mtoto wa miezi miwili aweza kujizuia kiasi cha saa mbili wakati wa mchana, na wa miezi mitatu kama saa tatu, na wengine hawafiki hata hapo. Mtu amwachaye alfajiri akaenda kuuza sokoni, akarudi adhuhuri, asitazamie kukuta sakafu kavu. Afadhali aombe mtu wa nyumbani amtoe badala yake.

Kazi kubwa, basi, ni ya mwenye mbwa, nayo ni kushika saa. Mtoto wa mbwa hutaka kujisaidia mara aamkapo, dakika chache baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala usiku. Aanzapo kunusanusa sakafu na kuzunguka mahali pamoja, saa imefika. Hapo abebwe, asiachwe atembee, maana ukumbi ni mrefu naye hatafika. Apelekwe katika pembe moja ya ua, ile ile kila siku, mbali na jiko na mitungi ya maji. Mwenyewe asimame kimya, asicheze naye. Amalizapo, asifiwe na kupewa kipande kidogo cha chakula papo hapo, wala si baada ya kurudi ndani. Mbwa huiunganisha sifa na tendo lake la mwisho. Akisifiwa mlangoni atadhani asifiwa kwa kuingia nyumbani. Wakati wa masika, toka Machi hata Mei, ndiyo taabu yenyewe, kwa kuwa mbwa mdogo hapendi kuloa. Hapo mwenye mbwa asimame naye chini ya upenu wa bati na kungoja, kwani akirudi upesi, haja iliyozuiliwa nje itamalizwa ukumbini.

Chakula nacho kitolewe kwa saa maalumu, wala sahani isiachwe kutwa. Tumbo likishika saa, haja nayo hushika saa. Maji asinyimwe, maana joto la Dar es Salaam ni kali.

Wako watu wamkamatao mbwa na kumsukuma pua katika uchafu wake. Desturi hii ni ya ukatili, tena haina faida. Alichokitenda nusu saa iliyopita mbwa hawezi kukiunganisha na adhabu ya sasa; hujifunza tu kumwogopa mtu, na tangu siku hiyo huenda kujisaidia kwa siri chini ya kitanda au nyuma ya magunia. Akikutwa katikati ya tendo, yatosha kupiga kofi la mikono mara moja ili ashtuke aache, kisha abebwe uani akamalizie huko.

Mahali palipochafuliwa paoshwe kwa sabuni, kisha kwa siki. Maji matupu hayatoshi: sakafu ya saruji iliyopasuka hunywa mkojo, na pua ya mbwa huipata harufu ambayo mtu hainusi kabisa, naye atarudi pale pale.

Wakaao ghorofani hawana ua. Hao huweka mchanga katika sanduku fupi la mbao, kama yale ya matunda, karibu na dirisha, na kumfundisha kwa njia ile ile. Njiani asishushwe kabla hajamaliza chanjo zake.

Kinyesi cha uani kisilale huko. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa na minyoo, kwa hiyo hupewa dawa na mganga wa mifugo tangu wapatapo majuma mawili. Mayai ya minyoo yao hayadhuru siku ile yatokapo, bali baada ya majuma mawili au zaidi udongoni. Na vijidudu vya safura ya mbwa, viivavyo kwa muda wa kama juma moja, hupenya mguu usio na kiatu na kuchora mistari ya kuwasha juu ya ngozi. Kwa hiyo kinyesi kizolewe kila siku kwa kijiko cha bati na kutupwa katika shimo la choo, na aliyekizoa anawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa mtungi wa maji.