Pesa za Serikali na Shule Zetu za Kijiji: Nani Hupata, Nani Hukosa?



Hivi majuzi kikundi kimoja cha akina mama wa upande wa Ganze kilituita kikaoni chini ya mwembe. Kwa miaka minne wamekuwa wakiendesha shule ndogo: vyumba vitatu vya udongo na makuti, watoto wa chekechea hadi gredi ya tatu, walimu watatu ambao ni vijana wa papo hapo kijijini. Shule ya serikali ipo, lakini ni mbali kwa miguu ya mtoto, na mvua kubwa ikinyesha mto hujaa, watoto wakabaki nyumbani. Mama mwenyekiti akatuuliza swali moja tu: "Sisi si tunalipa ushuru hata kwenye sukari? Mbona shule ya ng'ambo inapewa pesa za serikali kwa kila mtoto, na yetu haipati hata chaki?"

Swali hili si lake peke yake. Tumelisikia Magarini, tumelisikia Kaloleni, na ndiyo sababu tumeona tulieleze hapa.

Kwanza tujue sheria inasemaje. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inagawa shule mafungu mawili, za umma na za binafsi, basi. Wengi hudhani shule "ya jamii" ni fungu la tatu. Sivyo. Shule ya akina mama hawa, iliyojengwa kwa jasho na mchango wa shilingi hamsini hamsini, mbele ya sheria iko fungu moja na akademi ya mjini yenye basi lake na bwawa la kuogelea. Hilo linauma, lakini ndivyo lilivyo. Hata sisi watu wa kanisa tusijidanganye. Shule ambazo makanisa ni wadhamini wake tangu sheria ya elimu ya 1968 ni za umma: serikali inaleta walimu na ruzuku, kanisa linabaki na kiti kwenye bodi. Lakini shule ambayo kanisa lenyewe linaimiliki na kutoza karo ni ya binafsi. Jina la mtakatifu pale langoni halibadilishi kitu.

Na pesa hufuata fungu. Tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003, na ile ya upili ya kutwa 2008, ruzuku huhesabiwa kwa kila mtoto wa shule ya umma. Kwa mwaka kiwango kilichowekwa ni Sh1,420 kwa mtoto wa msingi, Sh15,042 kwa wa sekondari ya chini, na Sh22,244 kwa wa upili wa kutwa. Hizo ni hesabu za karatasini, maana mwezi wa Julai 2025 waziri wa fedha aliwaambia wabunge kwamba kwa mwanafunzi wa upili serikali ilikuwa ikimudu kiasi cha Sh16,900 tu. Hebu piga hesabu ya shule ya upili yenye wanafunzi 200: badala ya Sh4,448,800, zafika Sh3,380,000. Pengo ni zaidi ya milioni moja, na mwalimu mkuu anajua atamgeukia nani. Mzazi.

Lakini ruzuku si kitu ukilinganisha na mwalimu wa TSC. Mshahara wa mwalimu mmoja unapita kwa mbali ruzuku yote ya darasa lake la msingi. Huyo ndiye utajiri wenyewe wa shule ya umma, na huyo ndiye akina mama wale wamekuwa wakimlipa wenyewe kwa mayai na mahindi.

Sasa wako wanaosema: serikali igawe pesa kwa kila mtoto popote anaposoma, hata akademi, haki itendeke. Maneno matamu hayo. Lakini Kenya tumewahi kuonja kitu cha namna hiyo, na matokeo yake yafaa tuyakumbuke.

Wazee wetu wanakumbuka shule za harambee. Baada ya uhuru wa 1963 wananchi waliambiwa wajitegemee: jengeni kwanza, serikali itakuja kuwashika mkono. Watu walijenga kweli kweli. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, shule za upili za harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Zile zilizosimama imara zikapewa walimu au zikachukuliwa na serikali. Ukisikia hivyo waona ni haki tupu, kila mtu asaidiwe pale alipoanza. Lakini nani angeweza kuanza? Kule kwenye kahawa na chai, penye mashamba yenye hati na watoto wao wenye kazi Nairobi, harambee moja ilitosha kuinua madarasa kadhaa. Kwetu sisi wa minazi na mikorosho, ambako wengi hata shamba wanalolima si lao kwa karatasi, mchango wa mwaka mzima ulinunua mabati ya chumba kimoja. Basi walimu wa serikali wakaenda kulikokuwa na madarasa. Mwenye kuku wawili akaongezewa wa tatu, na asiye na kuku akaambiwa ajenge banda kwanza. Hatusemi harambee ilikuwa mbaya. Shule nyingi tunazojivunia leo hapa Pwani zina damu ya harambee ndani yake. Tunasema tu kwamba pesa za umma zikifuata pesa za watu, zinaelekea kwa aliyetangulia.

Likatokea na jambo jingine ambalo wengi hawakuliona kuwa ni ruzuku. Shule za upili za kitaifa huendeshwa kwa fedha za umma. Watoto wa akademi walipokuwa wakipita mitihani ya darasa la nane kwa alama za juu, walichukua nafasi nyingi kupita idadi yao. Kwa hiyo mzazi mwenye nguvu alilipa karo kubwa miaka minane, halafu serikali ikamsaidia kwenye shule bora kuliko zote. Mwaka 2011 wizara iliamua nafasi zigawanywe kulingana na wingi wa watahiniwa wa kila upande. Wazazi wa akademi wakaenda kortini, wakashindwa mwaka huo huo. Mahakama Kuu haikuona kosa kumwinua mtoto aliyeachwa nyuma. Kwetu hapa, ambako mtoto hufanya mtihani bila kitabu cha kwake, uamuzi ule ulikuwa wa maana.

Na vyuo vikuu? Kuanzia 2016 serikali iliwapeleka maelfu ya wanafunzi vyuo vya binafsi na kuwalipia kama Sh70,000 kwa mwaka kila mmoja. Wakati huo vyuo vya umma, vya aina ya Pwani University yetu, vilikuwa vikilia mapengo. Kwa waliojiunga kuanzia 2023 mpango ule ulisimamishwa. Anayechagua chuo cha binafsi huomba mkopo, si ufadhili.

Kwa hayo yote, sisi hatuungi mkono pesa za umma zimwagwe kwa kila shule ya binafsi. Zikimwagwa, akademi ya mjini yenye karani na mhasibu itajaza fomu asubuhi, na mama wa Ganze atakuwa bado anatafuta nauli. Ila shule iliyozaliwa kwa sababu serikali haikufika, hiyo iingizwe upande wa umma. Tuliwaambia hivyo akina mama.

Njia yenyewe ni hii. Chekechea iko chini ya serikali ya kaunti kwa Katiba ya 2010, kwa hiyo barua ya chekechea yaenda kaunti, kupitia kwa mwakilishi wa wadi na msimamizi wa wadi. Kuanzia gredi ya kwanza ni kazi ya serikali kuu, na ombi la usajili hupitia Bodi ya Elimu ya Kaunti. Msichanganye milango hii miwili, vikundi vingi hupoteza mwaka mzima hapo. Afisa wa afya atakuja kutazama vyoo na maji. Na atakuja mtu kuuliza karatasi ya ardhi.

Hapo ndipo shule nyingi za Pwani hukwama. Kwenye ukanda wa bahari, sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaacha wengi wakiitwa maskwota kwenye makaburi ya babu zao. Kule bara ardhi ni ya ukoo, na ukoo una midomo mingi. Shule ya umma haiwezi kusimama juu ya neno la mdomo.

Tuliwaambia na upande wa pili, maana si vizuri kuficha. Shule ikiwa ya umma haiwi tena ya kikundi. TSC italeta walimu wake siku itakapopenda, na wale vijana watatu, ambao hawana cheti cha ualimu, hawatapata kazi hiyo. Nao walikuwapo kikaoni, wameketi nyuma, kimya.

Kiwanja cha shule kilitolewa na mzee mmoja kwa mdomo. Wanawe wawili wako Mombasa na hawajasema ndiyo wala la. Kwenye sanduku la kikundi mlikuwa na Sh84,000 zilizowekwa kwa ajili ya mabati. Ubishi ulichukua hadi jua kuzama, mpaka wakapiga kura kwa kuinua mikono: pesa zimlipe mpima kwanza, wajumbe wawili waende Mombasa kuzungumza na wale wana, mabati yangoje. Masika haya watoto watasomea chini ya makuti yale yale. Siku ya mpima tumeahidi kuwapo.