Mkwaruzo wa gitaa: tununue sauti, si umri wa kifaa

Wapo wasomaji watakaoshangaa kumwona mhadhiri wa isimu akiziacha ngeli na mofimu, akashika kalamu kuandika juu ya kisanduku cha chuma kinachokanyagwa kwa mguu ili gitaa likwaruze. Sitajitetea sana. Fonetiki ni elimu ya sauti, na muhula uliopita, kwa kupoteza shilingi elfu nne za wanafunzi, nilijifunza kuhusu sauti mambo ambayo mikutano kadhaa ya kitaaluma haikuwahi kunifunza.

Mimi ni mlezi wa kikundi cha wanafunzi wanane wanaopiga muziki wa ala tupu, usio na mwimbaji, ule uliozuka kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1960 miongoni mwa vijana waliopenda kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Kwa kukosa istilahi bora, sisi huuita muziki wa mawimbi. Wanafunzi hao walichanga shilingi 14,000 ili wanunue pedali ya kukwaruza sauti, ya mtindo wa kale, wakanikabidhi mimi fedha hizo kwa kuwa nimekuwa nikipiga gitaa tangu nikiwa kidato cha pili. Mweka hazina wao, binti wa mwaka wa tatu, alinihesabia noti moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa za shilingi mia, kisha akasema, "Daktari, hizi ni pesa za chakula cha watu." Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Niliingia katika duka moja jijini Nairobi na kukuta pedali ya duara, nakala ya zile zilizotengenezwa Uingereza katikati ya miaka ya 1960. Ilikuwa na sura ya kale, rangi ya kale, na hata harufu yake ilionekana kwangu kuwa ya kale. Nilijua kwamba vigogo wa gitaa la roki walitumia kifaa cha namna hiyo. Sikuuliza swali hata moja. Nililipa zile 14,000 zote nikaondoka nikipiga mluzi.

Mazoezi ya kwanza yaliniumbua. Uhai wa muziki wa mawimbi umo katika mapengo. Mpigaji huuzuia uzi kwa kiganja karibu na daraja la gitaa, akaupiga kwa kasi juu na chini, na kila pigo likadondoka kama tone la maji ndani ya mtungi. Kisha mwangwi wa springi huliokota tone hilo na kulitawanya. Pedali yangu ilikuwa imeundwa kwa kazi tofauti kabisa. Kazi yake ilikuwa kuishikilia noti, kuinenepesha na kuirefusha, jambo linalompendeza mpigaji wa bluzi anayetaka uzi mmoja ulie kwa muda mrefu. Kwetu iliyajaza mapengo yote. Tulitaka matone, tukapata mfereji.

Hayakuishia hapo. Transista za pedali ile zilikuwa za jemaniamu, na saketi yake ilikuwa ya namna ambayo upande chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi ya chuma, kinyume cha pedali nyingine tulizokuwa nazo. Tulipoziunganisha zote kwenye waya mmoja wa umeme, zote zikazimika kwa pamoja. Tukairudishia betri yake. Siku mbili baadaye, saa nane mchana, chini ya paa la mabati, ikaanza kukohoa na kukatakata noti katikati. Jua lilipotua ikapona. Huo si uchawi. Jemaniamu huvujisha mkondo wa umeme, na uvujaji huo huongezeka kadiri joto linavyopanda, hata transista ikatoka katika hali yake ya kawaida ya kufanyia kazi. Mambo haya yote yanajulikana na yameandikwa. Mimi ndiye sikusoma, ingawa kila mwaka huwaadhibu wanafunzi kwa alama za chini kwa kosa hilo hilo.

Sasa tuitazame sauti yenyewe, maana hapa ndipo palipo na faida kwa mwalimu na mwanafunzi. Weka vidole kooni useme "sss", kisha useme "zzz". Ulimi haukuhama, kilichobadilika ni kwamba nyuzi za sauti zimeanza kutikisika, na kile kilichokuwa sighuna kimekuwa ghuna. Mkwaruzo wa gitaa si jambo lile lile, lakini sikio hulipokea kwa namna ya karibu: noti ni ile ile, kimo chake ni kile kile, ila imevikwa mvumo. Kinachotendeka ndani ya kisanduku ni kwamba transista hulikuza wimbi la umeme kutoka kwenye gitaa mpaka likagonga dari na sakafu ya uwezo wake. Vilele vya mviringo hukatwa, wimbi likawa na mabega ya mraba, na kwa kukatwa huko huzaliwa sauti za juu ambazo uzi wenyewe haukuzitoa kwa wingi huo. Noti moja hubeba mzigo huo vizuri. Noti mbili zilizopishana kwa kwinti hubeba pia. Ukipiga kodi nzima yenye noti tatu au nne, zile sauti za ziada hugombana zenyewe kwa zenyewe, na matokeo huwa kelele za soko.

Historia ya kifaa hiki ilianza kwa ajali. Katika wimbo wa Marty Robbins uitwao Don't Worry, uliotoka mwaka 1961, kuna mahali ambapo besi ya nyuzi sita ya Grady Martin inanguruma kana kwamba imepasuka. Mtambo wa studio huko Nashville ulikuwa umeharibika upande mmoja. Fundi mitambo, Glenn Snoddy, hakuitupa hitilafu ile; alishirikiana na mwenzake kuunda saketi ya kuiigiza, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kuiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Ilikuwa na transista tatu za jemaniamu na betri mbili za volti moja na nusu. La kuchekesha ni kwamba watengenezaji waliitangaza kama kifaa cha kulifanya gitaa lisikike kama tarumbeta, tuba au sello. Mauzo yalizorota mpaka mwaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipoitumia katika (I Can't Get No) Satisfaction, naye pia alikusudia kuonyesha tu mahali ambapo tarumbeta zingeingia baadaye. Hazikuingia.

Wapiga muziki wa mawimbi hawakusubiri hadi 1965. The Ventures, kutoka Tacoma katika jimbo la Washington, walitoa mwaka 1962 kibao kinachoitwa The 2000 Pound Bee, yaani nyuki wa ratili 2,000, ambamo gitaa linavuma kwa kifaa kilichoundwa na mwanamuziki aliyeitwa Red Rhodes. Jina lenyewe ni somo la tanakali za sauti. Hata hivyo, tusije tukapotoka: msingi wa muziki huu ni gitaa safi. Dick Dale, aliyezaliwa Boston mwaka 1937 na kufariki mwaka 2019, alijenga jina lake kwa nyuzi nene, amplifaya zenye nguvu kubwa na mkono wenye kasi, bila pedali ya kukwaruza. Mkwaruzo katika muziki wa mawimbi ni pilipili, na asiyelijua hilo atanunua gunia zima.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo. Baba yake Dick Dale alikuwa na asili ya Lebanoni, na mjomba wake alipiga udi. Kibao chake maarufu zaidi, Misirlou cha mwaka 1962, ni wimbo wa kienyeji wa mashariki mwa bahari ya Mediterania uliokuwa umerekodiwa kwa Kigiriki mwaka 1927. Neno hilo linatokana na Kituruki, na maana yake ni mtu wa Misri. Misri hiyo hiyo yetu! Nilikisikia mara ya kwanza katika filamu ya Pulp Fiction, katika kanda ya video iliyochakaa, nikaapa kwamba ni taarabu iliyopandishwa pikipiki. Wenzangu walinicheka. Leo, kila ninapomsikia mpiga udi wa Mombasa akiurudiarudia uzi mmoja kwa haraka, sioni kwamba nilikosea sana.

Wala mkwaruzo si mgeni barani Afrika. Ilimba ya Wagogo wa Tanzania ya kati huwekewa utando wa buibui juu ya tundu la sauti ili noti zivume. Kinshasa, kikundi cha Konono N°1 kiliunganisha likembe na vikuza sauti vilivyoundwa kwa vipuri vya magari. Sauti ikapasuka, nao wakaipenda, na katikati ya miaka ya 2000 dunia nzima ikaipenda pia. Snoddy na mzee Mingiedi wa Konono hawakujuana, lakini wote wawili waliamini masikio yao.

Nirudi kwenye deni langu. Nililiuza lile duara kwa shilingi 10,000, hasara ikawa 4,000. Nikakiita kikundi nikaeleza kila kitu. Safari hii hatukwenda dukani kwanza. Tuliazima pedali tatu, tukatumia gitaa lile lile na amplifaya ile ile, na wasikilizaji wakageuza migongo wasiione sura ya kifaa wala jina lake. Mpigaji alizuia uzi kwa kiganja na kupiga kwa kasi, tukasikiliza kama matone bado yapo. Akapiga nyuzi mbili. Akapunguza sauti kwenye gitaa lenyewe, kwa kuwa pedali nzuri ya aina hii husafika mpigaji anapopunguza, na mbovu hufifia tu. Hapo ndipo tulipogundua pia kosa la mpangilio lililokuwa likitusumbua tangu mwanzo: pedali ya mkwaruzo yapasa iwe jirani ya gitaa, na kisanduku cha mwangwi kifuate. Ukigeuza, unaukwaruza mwangwi wenyewe, na ukumbi mzima husikika kama bati linaloburutwa.

Kura zote nane ziliangukia nakala ya Fuzzrite, kifaa kilichotolewa mwaka 1966 na Mosrite ya California, kampuni ambayo magitaa yake yalipigwa na The Ventures. Ina transista mbili tu. Sauti yake ni nyembamba, ya puani. Mwanafunzi mmoja wa fonetiki aliiita nazali iliyokasirika. Haibebi noti mbali, nayo ndiyo fadhila yake kwetu, maana inauma na kuachia, na mapengo yanabaki wazi. Mwenye gitaa la bluzi angeiona takataka, na angekuwa na haki.

Hatukuinunua. Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, rafiki wa mpiga ngoma, alituundia kwa transista za silikoni, ambazo haziyumbishwi kirahisi na joto la mabati, ndani ya kopo la majani ya chai. Gharama ya vipuri ilikuwa shilingi 1,900. Watakaosema kwamba kopo hilo halina ukale wowote nitawauliza: wasikilizaji wetu walinunua tiketi waje kutazama kopo? Kuna wenzangu, walimu wa vilabu vya muziki, wanaozuia watoto wasipige mpaka shule ipate fedha za kununua ala yenye jina. Watoto hao wanamaliza kidato cha nne wakiwa bado wanasubiri.

Likabaki suala la jina. Kiingereza hukiita kifaa hiki kwa neno linalotumika pia kwa manyoya laini ya tunda au ya shavu la mtoto. Mimi nilipendekeza "mkwaruzo", nikatoa hoja za kimofolojia kwa dakika kumi. Mweka hazina alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Daktari, vile vinyweleo laini vya mwilini, si Kiswahili huviita malaika?" Nilikubali kwamba kamusi inamuunga mkono.

Katika daftari lake la hesabu, pedali yetu imeandikwa hivi: "Malaika, sh 1,900." Mstari unaofuata unasema: "Daktari, sh 4,000, amelipa 2,500."