Kampuni Hufa, Kalibu Hubaki: Biashara ya Ndege za Vita za Plastiki

Mapema mwaka 2020 Wingnut Wings, kampuni ndogo ya Wellington, New Zealand, iliwaachisha kazi wafanyakazi wake na kufunga milango. Mmiliki wake alikuwa Peter Jackson, mwongozaji wa filamu, na tangu 2009 ilikuwa ikiuza maboksi ya vipande vya plastiki vya kuunganisha ndege za Vita Kuu ya Kwanza kwa kipimo cha 1:32. Ilipofungwa, mradi wake mkubwa kuliko yote ulikuwa umebakiza hatua chache kufika sokoni. Huo ulikuwa Lancaster, ndege ya Waingereza ya kudondosha mabomu katika Vita Kuu ya Pili, yenye injini nne na mabawa ya sentimita 97 ikishaunganishwa. Kalibu za Lancaster hiyo hazikuuzwa kama chuma chakavu. Zilichukuliwa na Border Model, kampuni ya China, nayo ikaitoa ndege kwa jina lake.

Anayetaka kuielewa biashara hii na aanze hapo. Jina lililo juu ya boksi hubadilika, wenye hisa hubadilika, kiwanda huhama kutoka bara moja hadi jingine, lakini kalibu hubaki. Humo ndimo mtaji ulimolala.

Kalibu ni mapande mawili ya chuma yanayokutana uso kwa uso, ndani yake yamechongwa umbo la kila kipande: ubavu wa ndege, kiti, tairi, mtutu wa bunduki. Punje za polistirini huyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 200, husukumwa ndani kwa shinikizo kubwa, hupoa, na kabla dakika haijaisha mashine hufunguka na kutoa fremu iliyojaa vipande. Plastiki yenyewe ni bei rahisi. Ghali ni kuipima ndege halisi kwenye jumba la makumbusho, kuchora kila kipande kwa kompyuta, kisha kuchonga chuma. Ndege ya injini moja humaliza kazi kwa fremu chache. Ndege ya injini nne katika 1:32 inataka fremu kubwa na nyingi, na gharama ya seti nzima ya kalibu inaweza kufika mamia ya maelfu ya dola kabla boksi la kwanza halijauzwa.

Kwa hiyo mchoraji hana budi kufikiri kama mfanyabiashara. Fremu hugawanywa ili sehemu zinazofanana kwa matoleo yote ya ndege zikae pamoja, na zile za toleo moja zikae peke yake. HK Models ya Hong Kong, iliyotoa Lancaster yake ya 1:32 mwaka 2018, ilifanya hivyo, na baadaye michoro ileile ikapunguzwa na kuuzwa tena kwa kipimo cha 1:48. Njia hiyohiyo ilikuwa imetumika kwa B-17 ya Marekani. Kuchora mara moja na kuuza mara nne ndiko kunakorudisha fedha. Hapo pia tunaona jambo la kusikitisha katika mkasa wa Wingnut Wings: kampuni mbili zilichonga ndege ileile, kwa kipimo kilekile, karibu wakati mmoja, kwa soko la wanunuzi wachache duniani ambao wana fedha na pia nafasi ya kuweka kitu cha upana wa meta moja nyumbani. Waliotoka Wingnut Wings na kuanzisha Kotare mwaka 2022 walianza na Spitfire, ndege ya injini moja. Naona walifanya hesabu zao vizuri.

Historia ya Airfix ya Uingereza inafaa kufundishwa katika vyuo vya biashara. Nicholas Kove, Mhungaria, aliianzisha mwaka 1939. Ilitengeneza vichezeo vya kujaza hewa, kisha vitana, na mwaka 1949 ikapata kazi ya kutengeneza trekta dogo la Ferguson la kutangazia matrekta halisi. Mwaka 1952 ilitoa meli ya Golden Hind katika mfuko wa plastiki, ikauzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili, na hapo ndipo mtoto wa familia ya kawaida alipoweza kununua chombo cha kuunganisha kwa fedha zake za mfukoni. Kwa karibu miaka 30 Airfix ikawa jina la bidhaa yenyewe. Mwaka 1981 ikafilisika. General Mills ya Marekani ikazinunua kalibu, Humbrol ikazichukua mwaka 1986, na uzalishaji ukahamia kwa Heller, kiwanda dada cha Ufaransa. Heller ilipoanguka mwaka 2006, iliiburuta Humbrol pamoja nayo. Hornby, wanaojulikana kwa treni ndogo za umeme, wakanunua Airfix na Humbrol kwa jumla ya pauni milioni 2.6. Jina linalojulikana nchi nzima, pamoja na kalibu zilizokusanywa kwa nusu karne, liliuzwa kwa bei ya nyumba chache za kifahari za London.

Revell ilifuata njia hiyohiyo. Hobbico, kampuni mama yake ya Marekani, iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2018, na miezi michache baadaye Revell ikaenda kwa wawekezaji wa Ujerumani. Kabla ya hizo zote kulikuwa na Frog ya Uingereza. Kalibu zake nyingi zilipelekwa Umoja wa Kisovyeti katika miaka ya 1970, zikauzwa kwa jina la Novo. Wasovyeti hawakutaka ndege za Ujerumani na Japani, kwa hiyo kalibu hizo zikaenda Revell. Vita vilikuwa vimekwisha miaka 30 nyuma, na bado vilikuwa vinaamua nani anunue chuma gani.

Kalibu iliyotunzwa ina maisha marefu ajabu. Monogram ya Chicago ilitoa B-17G ya 1:48 katikati ya miaka ya 1970, na ndani ya boksi iliweka kijikaratasi cha Shepard Paine, fundi aliyeonyesha kwa picha jinsi ya kuitengeneza ndege iliyoanguka, bati limechanika na wafanyakazi wamesimama kando. Karatasi hiyo ilifanya kazi kuliko tangazo lolote, kwa sababu ilimwambia kijana kuwa mkono wake unaweza kufika huko. Tamiya ya Japani ilitoa Lancaster yake ya 1:48 mwaka 1975. Kalibu hizo zimeendelea kutoa maboksi miongo kadhaa baada ya gharama zake kurudi, na kila boksi linalotoka sasa ni faida iliyokwisha kulipiwa.

Tamiya yenyewe ilianza mwaka 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao huko Shizuoka, ikachonga vyombo vya mbao, na kuingia kwenye plastiki mwaka 1960. Aoshima wako mji huohuo, Hasegawa wako mkoa huohuo, Bandai nao wana kiwanda hapo, na kila Mei wanunuzi wa jumla kutoka nchi nyingi huenda kwenye maonyesho yao. Ustadi wa mbao ulikuwepo Shizuoka kabla ya plastiki, na viwanda vilikwenda palipokuwa na mikono. Bandai, wanaouza maroboti ya Gundam, ndio wanaoshika watoto. Ndege za mabomu zimebaki kwa watu wazima, tena wenye mvi.

Mnunuzi huyo anafanya nini na boksi lake? Fremu huoshwa kwa maji ya sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, vipande hukatwa kwa koleo, na alama ya kila mkato hulainishwa kwa msasa. Sehemu za ndani huunganishwa na kupakwa rangi kwanza, maana mbavu mbili zikifungwa hakuna kurudi. Katika Lancaster kuna kiti cha rubani chenye bamba la chuma mgongoni, meza ya mwelekezaji, redio, na ule mhimili mkubwa wa bawa uliokatiza katikati ya ndege, ambao watu saba waliovaa mavazi mazito ya baridi walilazimika kuupanda kila walipotoka upande mmoja kwenda mwingine. Puani, chini ya mtupa mabomu, kuna mlango wa dharura wa upana wa sentimita kama 56. Freeman Dyson, mwanahisabati kijana aliyefanya kazi katika makao makuu ya kikosi cha mabomu cha Uingereza, alikuja kuandika kwa uchungu jinsi udogo wa mlango huo ulivyowanyima vijana njia ya kuruka kwa mwavuli. Katika 1:32 mlango huo ni milimita 17 na ushei. Fundi anapousafisha kwa ncha ya kisu anashika mezani sababu iliyowaua watu, na sijui kitabu kinachoweza kumfikisha mtu karibu na jambo hilo namna hiyo.

Nje, kazi ni kuifanya plastiki ionekane bati lililochoka. Rangi nyeusi chini, kijani na udongo juu, zikapulizwa kwa brashi ya hewa tabaka jembamba juu ya tabaka. Nyuma ya kila injini moshi uliacha mkanda mrefu juu ya bawa, na kwa sababu petroli ilikuwa na risasi ndani yake, mkanda huo ulikuwa wa kijivu cheupe katikati na kahawia pembeni. Anayeupaka mweusi mtupu anajulikana mara moja na majaji wa mashindano.

Mahitaji hayo ndiyo yaliyozaa biashara ya pili, ambayo mimi naiona ina afya kuliko ya kwanza. Eduard ya Obrnice, Jamhuri ya Cheki, ilianza mwaka 1989 kwa vipande vya shaba nyeupe vilivyochongwa kwa tindikali: mikanda ya viti, saa za rubani, wavu wa redieta. Cartograf ya Italia huchapa alama na namba za kubandika kwa maji kwa ajili ya kampuni nyingi zinazoshindana zenyewe kwa zenyewe. Vallejo ya Hispania huuza rangi. Wengine humwaga magurudumu na ekzosi kwa rezini, na sasa huchapa kwa mashine za pande tatu. Hawa hawahitaji kalibu za mamia ya maelfu ya dola. Wanasubiri mwenye mtaji atoe ndege, kisha ndani ya wiki wanatoa vipande vya kuiboresha. Mtu aliyelipa zaidi ya dola 300 kwa Lancaster ya HK Models anaweza kutumia kiasi kingine kama hicho kwa nyongeza kabla hajafungua gundi.

Ila biashara hiyo hutegemea bahasha ndogo za posta, na serikali zimeanza kuzitazama. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi kwa vifurushi vidogo Julai 2021. Marekani ilifuta wake wa dola 800 Agosti 2025. Kwa bahasha ya shaba ya dola 20, ushuru na ada ya kuushughulikia vinaweza kumfanya mteja aghairi, na msambazaji mkubwa anayeingiza kontena zima ndiye anayefaidika.

Janga la korona, kwa upande mwingine, lilileta wateja. Watu waliofungiwa ndani walikumbuka maboksi ya utotoni, na Hornby ilirudi kwenye faida katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 baada ya miaka ya hasara. Lakini takwimu za mauzo katika biashara hii hudanganya kidogo. Wateja wengi hununua kuliko wanavyounganisha, kwa sababu wanajua boksi likitoweka sokoni huenda lisionekane tena kwa miaka kumi. Stoo za nyumbani zimejaa. Mwenye stoo anapofariki, mali yote hurudi sokoni kwa mpigo na kushindana na mpya.

Vita navyo havikuiacha biashara hii kama hadithi ya zamani. ICM, ambayo imetoa Heinkel, Junkers na Dornier nzuri za 1:48, iko Kyiv. Imeendelea kuzalisha tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, umeme ukikatika na ving'ora vikilia, na baadhi ya plastiki yake huuzwa ndani ya maboksi ya Revell.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kuzitazama ndege hizi. Baada ya vita Lancaster za kikosi namba 82 cha Uingereza zilipiga picha za anga zilizotumika kuchora ramani za nchi kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo. Kisha, kati ya 1953 na 1955, Lincoln, ndege iliyotokana moja kwa moja na Lancaster, zililetwa kwa zamu Eastleigh, Nairobi, zikadondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya dhidi ya Mau Mau. Historia kama hiyo ina nafasi ndani ya boksi, maana kijitabu cha maelekezo ni sehemu ya bidhaa. Wingnut Wings walijijengea jina kwa vijitabu vyenye picha za kihistoria kila ukurasa, na wateja walivilipia kwa furaha. Kampuni inayouza toleo la Lancaster lililoshambulia mabwawa ya Ujerumani Mei 1943 ingeweza kwa karatasi moja zaidi kueleza kwamba zaidi ya watu elfu moja walikufa chini kwenye maji, wengi wao vibarua wa kulazimishwa, na kwamba ndege 8 kati ya 19 hazikurudi. Karatasi ni rahisi kuliko chuma, na mnunuzi anayepima upana wa mlango wa dharura kwa milimita ataisoma.

Swali linalobaki kwa wenye mitaji ni nani atakayechonga ndege nyingine ya injini nne kwa 1:32. Uchapishaji wa pande tatu umeshusha gharama za kiti na saa za rubani, lakini kuchapa ubavu wa sentimita 66 ulionyooka na wenye ribiti kali bado ni kazi ya polepole, na ukizidisha kwa maboksi maelfu chuma bado kinashinda. Lincoln yenyewe ingeanza na nusu ya michoro ya Lancaster ikiwa tayari mkononi.