Je, Wajua? Sketi ya Mchawi Ilivyofupishwa

Je, wajua kwamba vazi la Halloween zamani lilikuwa la kujificha? Wahamiaji wengi waliokimbia njaa ya Ireland ya miaka ya 1840 waliingia Marekani na desturi ya usiku wa tarehe 31 Oktoba. Watu walijipaka masizi, wakajitanda shuka, wakavaa barakoa. Mtu akikutambua, umeharibu.

Je, wajua kwamba mavazi mengine yalikuwa ya karatasi? Kuanzia 1909, kampuni ya Dennison ilichapisha vijitabu vya kufundisha namna ya kuyashona nyumbani kwa karatasi zake za rangi. Mvua ikinyesha, sherehe imekwisha.

Kampuni ya Ben Cooper ya New York, iliyoanzishwa 1937, iliuza vazi la mtoto ndani ya kasha lenye kidirisha. Ndani mlikuwa na joho jepesi na barakoa ya plastiki yenye kamba ya mpira ya kupitisha kisogoni. Wakati huo wateja walikuwa watoto. Shikilia hapo, maana mambo yalibadilika pale watu wazima walipouchukua usiku huo.

Je, wajua kwamba San Francisco ilikuwa na sheria ya tangu 1863 iliyomkataza mtu kuvaa mavazi yasiyo ya jinsia yake, na kwamba ilifutwa 1974 tu? Usiku wa Halloween polisi walilegeza kamba, lakini ikishapita saa sita wangeweza kumkamata mwanamume aliyevaa gauni kwa kosa la kukusudia kudanganya. José Sarria, msanii wa baa ya Black Cat, akawagawia wenzake lebo zenye umbo la kichwa cha paka, zimeandikwa kwamba aliyezivaa ni mwanamume. Sasa nani kadanganywa? Mwaka huohuo wa 1974, mchonga barakoa Ralph Lee alianzisha gwaride la Halloween katika mtaa wa Greenwich Village, New York. Mashoga na wasanii ndio waliowaonyesha Wamarekani kwamba usiku huu unaweza kuwa wa watu wazima, wa madaha na wa kuvunja miko.

Mwaka 1982 watu saba wa eneo la Chicago walikufa kwa vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu. Halloween ilikuwa mlangoni, na wazazi wengi wakaogopa kuwaachia watoto wao wapite nyumba kwa nyumba wakiomba peremende.

Wauza bia, kwa upande wao, hawakuogopa kitu: wao waliwataka watu wazima. Katika miaka hiyo ya 80, kampuni ya bia ya Coors ilimtumia Elvira katika matangazo yake ya Halloween. Huyo ni mhusika wa televisheni aliyeigizwa na Cassandra Peterson: gauni jeusi la kubana, kifua wazi, mpasuo hadi pajani. Mzuka, ndiyo, lakini mzuka wa kutazamwa.

Na masikio ya sungura ambayo wasichana huvaa usiku huo je? Yalitoka kazini. Klabu ya kwanza ya jarida la wanaume la Playboy ilifunguliwa Chicago, Februari 1960, na wahudumu wake walivaa masikio, kola, vikofi na mkia wa pamba. Mwandishi Gloria Steinem alijifanya mhudumu ili aone kulivyo ndani, na 1963 akaandika jinsi vazi lile lilivyombana. Leo wasichana hulinunua kwa hela yao.

Je, wajua nani wanaowauzia? Leg Avenue ya California ilianza na soksi za kike, na Yandy ya Arizona inajulikana kwa nguo za ndani. Muuza nguo za ndani akiambiwa ashone vazi la nesi, usitarajie mikono mirefu! Mwaka 2018 Yandy ilichukua joho jekundu la riwaya ya Margaret Atwood, The Handmaid's Tale, ambamo wanawake hulazimishwa kuzaa na kufunikwa hadi miguuni, ikalikata likawa kimini. Kelele zilipopigwa, ikaliondoa sokoni. Kwangu mimi, vazi hilo moja linatosha kuieleza biashara nzima.

Na mafunzo ya vazi la kike na la kiume huanza mapema. Mwaka 2000 mtafiti wa Kanada, Adie Nelson, alichapisha uchambuzi wa mavazi 469 ya watoto. Yaliyofaa wavulana na wasichana sawasawa hayakufika asilimia 10. Hata joka la kike lilikuwa na rangi ya waridi.

Filamu ya Mean Girls ya 2004 iliitania desturi hii ya kufupisha nguo: shujaa wake anafika kwenye sherehe amejitengeneza kuwa maiti wa kutisha, wenzake wamevaa nguo za ndani na masikio ya wanyama. Aliyeonekana mshamba ni yeye. Ndiyo maana wanaowalaumu wasichana peke yao hunichosha. Mwanamume anayetaka vazi la polisi huuziwa suruali ndefu. Mwanamke huuziwa pingu na kaptura, usiku wa baridi ya Chicago.

Na biashara hii si ndogo: mwaka 2023 Wamarekani walitarajiwa kutumia dola bilioni 12.2 kwa Halloween, kwa hesabu ya shirikisho la wauza rejareja.

Nawe msomaji, siku ukipekua robota la mitumba ukakuta kigauni cha nesi kisichofika magotini, sasa unajua: hakikutoka hospitalini.