Kitabu cha ubatizo kisichojua watoto: kutoka Witmarsum hadi Shirati

Muulize mzee wa Ugogo alizaliwa lini. Mara nyingi hatakutajia tarehe, atakutajia tukio. Kizazi kilichopita kilihesabu kwa Mtunya, ile njaa kubwa ya 1917 hadi 1920. Hapa Hombolo wengine wanahesabu kwa bwawa, lililojengwa 1957: "mimi nimezaliwa kabla ya bwawa." Sasa kama unataka kujua zaidi, unaenda wapi? Wengi tunakimbilia kanisani. Tunaomba kitabu cha ubatizo, tunashusha kidole kwenye majina, tunapata mwaka.

Lakini ngoja kwanza. Kitabu cha ubatizo kinakuambia mtu alibatizwa lini. Kuzaliwa ni jambo jingine. Kwa Waanglikana na Wakatoliki tofauti huwa ndogo, maana mtoto hubatizwa angali mchanga. Kwa Wamennonite tofauti hiyo inaweza kuwa miaka ishirini au zaidi, na chanzo chake ni mabishano yaliyoanza Ulaya karne tano zilizopita. Twende nayo taratibu.

Menno Simons alizaliwa 1496 katika kijiji cha Witmarsum, jimbo la Friesland, kaskazini mwa Uholanzi ya leo. Mwaka 1524 akawa padri wa Kikatoliki. Alianza kuhudumu Pingjum, kijiji cha jirani, kisha akarudi kwao Witmarsum. Mwaka 1531 fundi cherehani mmoja, Sicke Freerks, alikatwa kichwa mjini Leeuwarden. Kosa lake? Alibatizwa utotoni, na alipokuwa mtu mzima akabatizwa tena kwa hiari yake. Menno mwenyewe aliandika baadaye kwamba habari hiyo ilimfanya aanze kuchunguza maandiko juu ya ubatizo wa watoto. Mwaka 1536 akaacha upadri, akajiunga na hao waliobatizwa upya.

Kundi hilo, linaloitwa Waanabaptisti, lilikuwa limeanzia Zürich, Uswisi, mwaka 1525. Mwaka 1529 baraza la Dola Takatifu ya Kirumi lililokutana Speyer liliamua kwamba adhabu ya kubatizwa upya ni kifo. Mwaka 1542 mtawala wa dola hiyo, Karl wa Tano, alitangaza zawadi ya gilda 100 kwa atakayemkamatisha Menno. Hawakumpata. Alikufa 1561 kaskazini mwa Ujerumani.

Huenda unajiuliza: maji kidogo tu, kwa nini watu wauawe? Jibu ni kwamba enzi hizo kubatizwa kulikuwa ndiko kuingia katika jamii. Mtoto akibatizwa amekuwa Mkristo, na papo hapo amekuwa mtu wa mtawala wa mahali pale. Anayesema "nitaamua mwenyewe nikikua" alikuwa anasema pia kwamba kuna sehemu ya maisha yake ambayo serikali haiigusi. Watawala walielewa hivyo, wakaogopa. Ilisaidia kuwatisha pia kwamba baadhi ya Waanabaptisti walikuwa wameshika silaha. Menno aliwapinga hao, na waliomfuata wakawa watu wa kukataa vita.

Baadaye Uholanzi iliacha kuwaua. Ikawaruhusu kukutana, mradi jengo lao lisionekane kama kanisa. Pingjum bado kuna kanisa dogo la aina hiyo: ukipita nje utadhani ni nyumba ya mtu.

Sasa turudi kwenye kitabu. Tuchukue kijiji cha kufikirika ambapo kila mwaka wanazaliwa watoto 40. Katika parokia inayobatiza wachanga, kitabu kitakuwa na majina karibu 40 kwa mwaka. Ukikaa na vitabu vya miaka mia, unaona uzazi ukipanda na kushuka, na ukiongeza daftari la mazishi unaiona njaa inavyokata watu. Ndivyo wataalamu wa historia ya idadi ya watu wanavyofanya kazi Ulaya, na baadhi wametumia vitabu vya Kikatoliki vya Afrika Mashariki kwa namna hiyohiyo, kwa sababu vinaanza kabla ya sensa za kuaminika.

Katika usharika wa Kimennonite, mwaka ule wa watoto 40 hautaonekana. Utaanza kuonekana miaka kama kumi na minane baadaye, tena kwa sehemu tu. Tuseme yatatokea majina 15. Wale 25 wako wapi? Kuna machujio matatu. La kwanza ni kifo: aliyekufa akiwa na miaka miwili hayumo, ni kana kwamba hakuzaliwa. La pili ni kuhama. La tatu ni uamuzi: wapo walio hai, wapo palepale kijijini, ila hawajataka. Kitabu hakikuambii nani kachujwa na lipi. Ndiyo maana sharika nyingine za Uholanzi ziliweka pia daftari la vizazi, mbali na la ubatizo. Nchi yenyewe ilipata usajili wa kiraia wa wote mwaka 1811, chini ya Napoleon.

Haya, Tanzania inaingiaje? Wamennonite wa kwanza kuleta usharika wao huku hawakutoka Friesland, walitoka Marekani, Lancaster County jimboni Pennsylvania. Na wengi wa hao wazee wao walikuwa Waswisi na Wajerumani waliohama kuanzia mwanzoni mwa karne ya 18. Kumbe damu ni ya Uswisi, jina ni la Mfrisia, na ungamo lao la imani, lenye vifungu 18, liliandikwa Dordrecht, Uholanzi, 1632. Jina, ukoo na mafundisho vilisafiri kwa njia tofauti vikakutana barabarani.

Mwaka 1934 Elam Stauffer na wenzake walianza kazi Shirati, kando ya Ziwa Victoria, mkoa wa Mara wa leo. Kabla ya miaka ya 1930 kuisha walikuwa pia Bukiroba, Mugango na Bumangi. Sheria ya ubatizo ilikuwa ileile: kwanza ujifunze, uulizwe, ukubali mwenyewe. Mwaka 1942 uamsho uliogusa sehemu nyingi za Afrika Mashariki ukawaka Shirati, na waumini wa Kiafrika na wamisionari wakawa wanaungamiana makosa hadharani. Mwaka 1960 kanisa likawa na mamlaka yake lenyewe, na 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika.

Hapo ndipo kitabu kibovu kwa kuhesabu watoto kinakuwa kizuri kwa jambo lingine. Kwenye parokia ya wachanga, kila jina ni uamuzi wa mzazi. Kwenye usharika kama wa Shirati, kila jina ni uamuzi wa aliyeandikwa. Majina yakiongezeka ghafla, usiseme "uzazi umepanda". Uliza nini kiliwafanya watu wazima waamue mwaka ule. Ni chombo kingine, kinapima kitu kingine. Mizani haipimi homa, lakini hatuiiti mbovu kwa hilo.

Hili si la wanahistoria peke yao. Cheti cha ubatizo ni moja ya nyaraka ambazo watu hupeleka RITA kama ushahidi wanaposajili kizazi kilichochelewa. Kama bibi yako alibatizwa ukubwani, iwe Mara au hapa Dodoma, tarehe ya kwenye cheti inaweza kumpunguzia miaka ishirini. Soma vizuri: kuna safu ya kuzaliwa na safu ya kubatizwa? Safu ya kuzaliwa ilijazwa siku ileile, au ilikisiwa?

Pengo hilo linazibwa na mazungumzo. Wanaofanya sensa hutumia kalenda ya matukio, na wewe unaweza kutengeneza ya kwenu. Kwa Hombolo weka Mtunya, weka mwaka wa bwawa, weka uhuru, weka kuhamia vijijini. Kwa Wakurya wa Mara weka majina ya marika ya tohara. Kisha muulize mzee: "Bwawa linajengwa ulikuwa unachunga mbuzi au umeshaoa?" Halafu uliza swali ambalo kitabu cha ubatizo wa watu wazima hakiwezi kulijibu kamwe: "Mlizaliwa wangapi, na wangapi hawakukua?" Andika majibu, weka tarehe ya mazungumzo, piga picha kurasa za kitabu ukiruhusiwa. Mchwa hawasubiri utafiti, na wale ndugu waliokufa wadogo sasa wanakumbukwa na mtu mmoja au wawili tu.