Kungoja Jibu Kuwe na Kikomo

Petite Barrière, penye mpaka wa Gisenyi na Goma, ni miongoni mwa mapito ya mpakani yenye waendao kwa miguu wengi kabisa barani Afrika. Kabla mpaka haujafungwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya korona, makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kila siku, wengi wao akina mama wachuuzi. Mahali kama hapo, dakika moja ya askari dirishani ni dakika ya foleni nzima.

Tuchukue mfano. Askari anaandika namba ya kitambulisho katika ukurasa wa kompyuta uliotungwa kwa lugha ya JavaScript. Swali linakwenda kwenye seva, yaani mtambo wa mbali unaotunza daftari. JavaScript haisimami kungoja. Ni kama mkuu wa kituo aliyemtuma tarishi, naye akaendelea na kazi. Lakini amri ya fetch, inayopeleka maswali hayo, haikuwekewa muda wa kungoja. Mtandao ukilegea, tarishi aweza kupotelea njiani bila kuulizwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Dawa ni kuiambatanishia amri hiyo AbortSignal.timeout(5000). Zikipita milisekunde 5000, yaani sekunde 5, ombi hukatwa na kosa liitwalo TimeoutError hutolewa. Hata hivyo, haraka haraka haina baraka: muda mfupi mno hukata jibu lililokuwa likikaribia. Basi upimwe kwa hali halisi ya mtandao wa kituo.

Tena, kukata ombi ni kuacha kungoja tu. Si kutangua kazi iliyokwisha fanyika. Huenda seva imekwisha kuandika kwamba mtu amevuka. Ombi likirudiwa, atahesabiwa mara mbili. Kwa hiyo kila ombi lipewe namba yake, ili seva itambue lililorudiwa.

Lililo kubwa ni hili: ukimya si jibu. Programu inayouhesabu kuwa ruhusa humfungulia lango mhalifu. Inayouhesabu kuwa katazo humwadhibu mama asiye na kosa, nyanya zake zikaoza. Iseme wazi, “Jibu halikupatikana”, na askari awe na utaratibu ulioandikwa wa kukagua hati kwa mkono. Mlinzi asiyejua la kufanya redio inaponyamaza hajapewa amri kamili.